Vijiko Sita vya Nini?

Nakumbuka, mwanangu, alasiri moja iliyonifundisha kuliko madaftari yangu yote, na leo ninaikumbuka nikiwa na hasira. Usinune. Mbwa humbwekea mgeni, lakini mzee humbwekea wa kwake anayeelekea shimoni. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi katika umri huu sina machozi ya kupoteza.

Jumamosi iliyopita ulikuwepo hapa Ruangwa, kwenye darasa letu la kujiandaa na usaili wa chuo cha matabibu. Niliuliza swali dogo kabisa: mtoto anayeharisha apewe nini kwanza? Mwenzako wa benchi la mbele, yule mwenye simu kubwa kuliko daftari, akajibu, "C."

Nikamwambia, "Sijakupa herufi, nimekupa mtoto."

"Mzee, hilo lipo kwenye desa. Swali la kumi na nne. Jibu C, limetoka miaka yote."

"Kwa nini C?"

Akacheka. "Kwa nini haitoki kwenye pepa, mzee. Sisi tunapiga pepa, tunasepa."

Darasa zima likaangua kicheko, na wewe, mwanangu, wewe mwanafunzi wangu niliyekutegemea, ulicheka mpaka ukapiga benchi. Nikafunga darasa asubuhi ile ile. Hasira zilizonipanda zingeweza kubangua korosho za wilaya nzima bila kuni. Nilifika nyumbani, mke wangu akaniuliza kama nimepigana. Ndiyo maana ninaandika. Jumamosi mdomo wangu ulikuwa umejaa matusi, na tusi halijawahi kumfundisha mtu kitu ila tusi lingine.

Basi nikwambie kicheko chako nilikitambua wapi. Nilikitambua kwa sababu ni changu. Nilikicheka kabla yako, na nusura kimuue mtoto.

Mimi shule ya mchana ilinipita kama gari la mizigo. Nilimaliza la saba kwetu Mkotokuyana, nikashika jembe, nikalima mbaazi na ufuta, nikapulizia mikorosho salfa mpaka kope zangu zikawa za njano. Nilipoanza masomo ya jioni pale Nachingwea mjini nilikuwa na ndevu kumzidi mwalimu. Baiskeli yangu haikuwa na breki, nilikuwa nasimama kwa dua. Lakini nilisoma. Biolojia ikakubali, kemia ikakubali kwa shingo upande, nikapata cheti, nikaomba nafasi ya kusomea utabibu. Barua ikaja: niende kwenye usaili, kutakuwa na mtihani wa kuandika na maswali ya ana kwa ana. Ukoo wetu ulikuwa haujawahi kutoa hata mfagiaji wa zahanati. Wakalipuka kwa furaha.

Hapo ndipo mjomba wangu, Mjomba Bakari, alipoingia kazini. Wewe wajua kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Baba anaweza kukohoa, mjomba ndiye anayesema. Mjomba akaapa kuwa nikiupata usaili ananipa pikipiki. Na ili nisilale, akaanzisha utaratibu wake: siku ya gulio ananisimamisha mbele ya wauza nguo, ananiuliza swali moja kutoka kwenye karatasi za usaili wa nyuma. Nikijibu sawasawa, soda. Nikikosea, anageukia watu na kusema, "Mnamwona dokta wenu? Kichwa kama boga la mwaka jana, zito na ndani upepo." Watu wanacheka, ninakwenda nyumbani bila kuagana na mtu.

Nilikunywa soda, mwanangu, mpaka nikipiga chafya yanatoka mapovu. Na nikajifunza jambo moja upesi: soda haitolewi kwa kuelewa. Soda inatolewa kwa kujibu. Mjomba mwenyewe alikuwa hajui jibu, alikuwa analinganisha tu maneno yangu na karatasi. Basi nikaacha kabisa kuuliza kwa nini. Nilichukua majibu nikayatia kwenye mapigo ya ngoma, nikayaimba wakati wa palizi. Dalili za malaria zilikuwa na wimbo. Sehemu za moyo zilikuwa na wimbo mzuri sana, ungeweza kuchezwa. Neno lisilokaa kwenye mapigo nililitupa. Na siku ambayo si ya gulio, siku isiyo na soda wala wa kunicheka, daftari sikulifungua. Lingeliwa na mchwa nisijue.

Watu wakaanza kuniita Dokta. Nikaitika. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Miaka ile wafugaji kutoka kanda ya ziwa walikuwa ndiyo kwanza wameingia kwetu na ng'ombe wao. Sitakudanganya, hatukuwapokea kwa maua. Ng'ombe mmoja akiingia kwenye mbaazi za mtu, kijiji kizima kinakuwa na mdomo. Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja wa makamo, mrefu, mkavu, jicho lake likikutazama unahisi umeguswa. Tulimwita Mama Kulwa. Alikuwa na boma lake ng'ambo ya mto, na mjukuu wa miaka miwili jina lake Shija.

Alasiri hiyo ninayokwambia zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kufika usaili. Nilikuwa shambani ninaimba figo, nikamwona amesimama kwenye mpaka.

"Wewe kijana wa madaftari," akasema. "Wanasema wewe dokta."

"Bado kidogo tu, mama."

"Kidogo kiasi gani? Shija anaharisha tangu jana usiku. Zahanati ni mbali, na kijana mwenye baiskeli amekwenda mnadani. Unajua la kufanya au hujui?"

Hapo, mwanangu, palikuwa na maneno mawili tu ya kusema: sijui vizuri. Na la pili: lakini baiskeli ninayo, twende. Sikuyasema. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimevaa cheo cha kuazima, naogopa kukivua mbele ya mgeni. Nikasema, "Hilo dogo sana, mama." Nikajifuta mikono kama daktari anayetoka kupasua.

Bomani nilimkuta mtoto amelala mapajani kwa mama yake, macho yameingia ndani, midomo mikavu kama ganda. Nikaomba lita moja ya maji yaliyochemshwa, sukari, chumvi na kijiko cha chai. Jibu lake nilikuwa nalo kichwani miezi mitatu. Kwenye karatasi liliandikwa hivi: chumvi, sukari, maji, nusu kijiko, vijiko sita, lita. Lakini yale maneno matatu ya mwanzo yalikuwa yanaharibu mapigo, nikayatupa. Wimbo wangu ulibaki: nusu, sita, lita, nusu, sita, lita. Soda mbili niliupatia huo.

Binti mmoja wa pale bomani akaleta jagi la plastiki la bluu lenye maji. Akaweka mbele yangu kopo la sukari, kisha la chumvi. Mimi nikaimba kimoyomoyo, nikachota kufuata wimbo. Kopo la kwanza, nusu kijiko. Kopo la pili, vijiko sita, tena vya kujaa. Nikakoroga kwa madaha, nikajaza kikombe, nikamkabidhi mama wa mtoto.

Mkono wa Mama Kulwa ukatua juu ya kikombe kabla hakijafika mdomoni. Akakichukua. Akaonja.

Akatema hapo hapo, karibu na miguu yangu.

"Umeonja?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na sauti ndogo ya mtu mwenye hasira ni mbaya kuliko radi.

"Hapana, mama."

"Hukuonja." Akawageukia wenzake wa bomani kama mtu anayeita mashahidi. "Mimi nina ndama wa siku tatu pale. Nikimchanganyia maji naonja kwanza. Ndama! Na wewe unamwekea mtoto wa mwanangu mdomoni kitu ambacho ulimi wako haukijui?"

"Mama, ndivyo ilivyoandikwa..."

"Imeandikwa wapi? Nimekusikia unaimba. Tangu wiki jana nakusikia ukiimba huko shambani, nikadhani una wazimu. Wimbo wako mzuri sana, kijana. Nenda kaimbe kwenye harusi."

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Nachingwea wakati wa kiangazi huwa ngumu, haimpokei mtu kirahisi. Nikakimbilia baiskeli. Mama wa mtoto akakaa nyuma na Shija kifuani, mimi nikasukuma na kupanda, kupanda na kusukuma. Mama Kulwa akafuata kwa miguu, na sijui alitembeaje, maana kila nikigeuka yupo. Mkononi ameshika lile jagi la bluu, chumvi yangu imo ndani, hakumwaga hata tone.

Kule zahanati muuguzi akampokea mtoto, akamchanganyia dawa ya pakiti, akaanza kumnywesha kwa kijiko kidogo kidogo. Alipohakikisha anameza, Mama Kulwa akaliweka jagi mezani. "Na hii je?" Muuguzi akachovya kidole, akaonja, akakunja uso wote.

"Nani katengeneza?"

 Wote walinitazama tu.

"Kaka," akaniambia muuguzi, "chumvi hii ingemnyang'anya mtoto hata yale maji machache yaliyombakia mwilini. Angekufa mikononi mwako, kiu imemmaliza, na kikombe kimejaa." Akanisukumia maji mengine, sukari na chumvi. "Tengeneza, na niambie kila unachotia kinaenda kufanya nini."

Nilijua kutia. Kinaenda kufanya nini, sikujua. Muuguzi akanieleza: utumbo unaoharisha unashindwa kuyashika maji. Chumvi kidogo ndiyo inayoyavuta maji kuingia mwilini, lakini chumvi peke yake haipiti vizuri. Sukari ndiyo inayoishika mkono na kuivusha ukuta wa utumbo, na maji yanafuata nyuma yao. Ndiyo sababu sukari ni vijiko sita na chumvi ni nusu, vyote vya kusawazisha, si vya kujaa, kwa lita moja ya maji safi. Nikatengeneza. Mama Kulwa akaonja tena.

"Hii sasa ni kama machozi," akasema.

"Hapo hapo, mama," muuguzi akamjibu. "Isizidi chumvi ya machozi."

Nilidhani yameisha. Tulipokuwa tunatoka, Mama Kulwa akanisimamisha. "Kwa baba yangu, anayemvunja ndama mguu anamchunga mpaka ndama asimame. Utakuja bomani kila alasiri mpaka mjukuu wangu atembee. Utaniambia kitu kimoja ulichosoma. Mimi sijui kusoma, kwa hiyo usinisomee. Niambie."

Siku ya kwanza nilikwenda kwa woga. Nikamwimbia moyo. Akaniuliza, "Kwa nini damu irudi palepale ilipotoka?" Sikujua. "Basi hujaniambia kitu. Kesho." Nikarudi nyumbani nimekasirika kama siafu, nikafungua daftari, na halikuwa na jibu kwa sababu nilikuwa nimeandika majibu matupu. Nikaazima kitabu kwa mwalimu. Siku ya pili nikamweleza nusu, akaniuliza kwa nini mara nne. Siku ya tatu, mwanangu, hapa tega sikio, siku ya tatu nilijikuta ninakanyaga baiskeli mbio, jasho linanitiririka, hakuna soda ninayokwenda kunywa, hakuna anayenisifu, na mwenye boma mwenyewe hanipendi. Nakwenda kwa sababu nimegundua usiku jinsi mapafu yanavyobadilishana hewa na damu, na kifua kingenipasuka kama nisingemwambia mtu. Nilimchorea kwa kijiti kwenye vumbi. Siku ya nne, kabla hajauliza jipya, akanirudisha kwenye la siku ya kwanza bila kuniruhusu nichungulie daftari. Nikababaika, nikalikumbuka, na baada ya hapo halikutoka tena mpaka leo.

Siku ya sita Shija alisimama akimshika mbwa masikio. Nikadhani nimeachiliwa. Siku ya saba nilikwenda tena. Mama Kulwa hakuuliza kwa nini. Hiyo ndiyo siku pekee hakuuliza.

Mjomba akasikia. Alikuja akitweta. "Unaacha pepa unakwenda kumfundisha mama wa ng'ombe? Ng'ombe waliokula mbaazi zangu? Basi pikipiki isahau, na kwenye gulio sikuulizi tena!" Nikamwambia, "Sawa, Mjomba, shikamoo." Nikashangaa kwamba haikuniuma. Mwezi mmoja nyuma ningelia siku tatu.

Usaili ukafika. Mtihani wa kuandika ulikuwa na maswali ambayo sikuwahi kuyaona, na vijana wenye nyimbo kama zangu za zamani walitoka wanalaani. Ana kwa ana walikuwa watatu, na wa katikati, mama mwenye miwani, akaniambia: "Mimi ni mama nisiyejua kusoma. Mwanangu anaharisha. Niambie la kufanya, na uniambie kwa nini."

Mwanangu, machozi yalinilenga. Nikamwambia yote, mkono ulioshikwa na ukuta unaovukwa, na mwisho nikamwambia, "Na kabla hujampa mtoto, mama, onja. Isizidi machozi." Akaniuliza nani kanifundisha hilo la kuonja. Ningeweza kusema nilisoma. Nikawaambia ukweli wote, pamoja na jagi. Mmoja wao akaacha kuandika. Nikatoka nikiwa na hakika nimejifukuza mwenyewe.

Nilipata nafasi. Nilikwenda bomani kumwambia Mama Kulwa, nikitarajia walau vigelegele viwili. Akaniuliza, "Na anayeharisha damu, unajua la kufanya?"

"Bado, mama."

"Basi unafurahia nini? Nenda kasome, ng'wanawane." Mwanangu, kwa lugha yake. Akaingia ndani, akatoka na lile jagi la bluu. "Lichukue. Kila nikilinywea naonja chumvi yako."

Chuoni tulifundishwa saikolojia. Mwalimu akasema msukumo wa kujifunza upo wa nje na upo wa ndani, na kwamba zawadi ikizidi, mtu huacha kupenda kazi akaanza kupenda zawadi; siku zawadi ikikatika, na kazi inakatika. Nikacheka peke yangu mpaka wakanitazama. Wa nje ni Mjomba Bakari na soda zake, wa ndani alikuwa anakamua ng'ombe Mkotokuyana. Akasema pia kwamba kinachokaa kichwani ni kile unachokivuta mwenyewe bila kutazama, ukakirudia baada ya siku, kisha baada ya wiki. Kukitazama tu mara mia ni kujidanganya. Hata hilo nilikuwa nimelisikia, karibu na zizi. Wewe mkulima, mwana wa mkulima: nani amewahi kufanya palizi ya mwaka mzima kwa siku moja? Haba na haba hujaza kibaba, na anayetaka kujaza kwa mkupuo humwaga nje.

Sasa sikiliza, maana hasira zangu bado hazijapoa na sitaki zipoe kabla hujanielewa. Sikatai usome karatasi za nyuma. Zisome, zitakuonyesha njia inapitia wapi. Lakini jibu usiloweza kumweleza bibi yako mpaka akaitikia kwa kichwa, hilo si lako, umeliazima, na mwenye nalo atakuja kulidai siku mtoto amelala mapajani kwa mama yake. Siku hiyo hakutakuwa na A wala C. Kutakuwa na kopo na kopo, na mkono wako. Anayekupa zawadi, mshukuru, ila usimkabidhi akili yako aifunge kamba. Anayekucheka ukikosea, mwache acheke, lakini usijifunze kwa kumkimbia yeye. Ukimkimbia mtu unajua ulikotoka tu, uendako hukuoni. Na ukiwa hujui, sema sijui. Mimi nimetibu watu miaka yote hii, Chinongwe na kwingineko, na neno sijui halijaua mgonjwa wangu hata mmoja, kwa sababu kila nilipolisema liliniinua kwenda kuuliza.

Jumamosi nitafungua darasa tena. Nitaweka mezani lile jagi la bluu, kopo la sukari na kopo la chumvi, makopo yasiyoandikwa majina. Wewe uliyepiga benchi ndiye utakayechanganya, na utakunywa wa kwanza. Kisha utatueleza kwa nini. Na mwenzako wa benchi la mbele aje naye, simu aiache kwao.

Mungu akupe hamu isiyongoja soda, mwanangu. Akupe ulimi unaoonja kabla mkono haujatoa, na sifa zako zisiwahi kufika kabla ya kazi yako. Na kila mtoto utakayemshika asimame, amshike mbwa masikio, wewe ukitazama. Amina.